Mwanamke Aliyeitwa Msiba

Ijumaa mlinipa keki, na mnajua nina kisukari. Mkanipa na kadi yenye picha ya twiga, eti kwa sababu natoka Tanzania. Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Twiga wa kwanza kumwona kwa macho yangu nilimwona hapahapa London, tena kwa kiingilio. Haya, nimeshukuru, nimestaafu, na sasa mnataka niandike kidogo kuhusu kazi kwa faida ya wanaoanza.

Nitaandika, na nitaandika kwa Kiswahili, maana nawaandikia ninyi vijana wa kwetu mlioingia kwenye kazi hii ya kutunza nyaraka. Wazungu wa ofisini wakitaka kusoma, watafute mkalimani. Nawaombea wapate mzuri, na mkifika mwisho mtajua kwa nini nawaombea. Habari za vyeo msizitarajie humu. Nilipanda cheo mara moja tu, na nilichopata ni kiti chenye magurudumu.

Siku ya kwanza nilitoka Kilburn nimevaa suti ya kuazima na viatu vipya vinavyobana, nikijua naenda ofisini. Nikapelekwa chini ya ardhi. Maktaba yetu, kwa wasioijua, inahifadhi karatasi za wasafiri na watu wa dini wa Kiingereza, yaani watu waliokwenda kwa wenzao bila kualikwa kisha wakaandika kwamba wenzao hawana adabu. Meneja wa wakati ule, mama mmoja mwenye mafua yasiyokwisha, akaniuliza kama naongea Kiafrika. Nikamwambia naongea Kiswahili. Akasema, "Vizuri sana," akapiga chafya, akanionyesha rafu nzima ya maboksi. Yalikuwa ya Ledi Honoria.

Basi niwaeleze habari zake, maana nimeishi na huyu bibie miaka mingi kuliko nilivyoishi na marehemu mume wangu. Alizaliwa binti wa lodi, kwenye nyumba yenye vyumba vingi kuliko shule niliyosoma. Hakuolewa. Kaka yake alirithi nyumba, yeye akarithi hasira na uwezo wa kuitembeza duniani. Kwa maelezo yake mwenyewe alikutana na Mungu mara tatu: melini akitapika, jangwani alipopotelewa na mwavuli, na kwetu Afrika Mashariki enzi za Waingereza. Kila alipokutana naye alibadili dhehebu na kutoa kitabu. Alisafiri na beseni la kuogea la kukunja, kigoda cha kupigia magoti, kengele ya fedha ya kuitia watumishi, na msururu wa wapagazi wa kubeba takataka zote hizo. Kitabu chake kilichopendwa kuliko vyote kinahusu unyenyekevu. Alikiandika akiwa amebebwa kwenye machela. Simsingizii! Amelalamika mwenyewe pembeni mwa ukurasa kwamba mwandiko ni mbaya kwa sababu wabebaji hawatembei sawasawa.

Uzeeni alirudi hapa London, akawa analala na mbwa watatu na kuandika sala za asubuhi. Kuna waumini wanaozisoma mpaka leo. Kuna na barua za wapishi wanaoomba kuacha kazi, boksi zima, na hizo hakuna anayezisoma isipokuwa mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ratilal, mshonaji wetu wa vitabu, Mhindi mzaliwa wa Tanga, mtaa wa pili tu kutoka kwa shangazi yangu. Alikaa Hayes, akija kwa mabasi mawili na treni. Ndege za Heathrow zilikuwa zimemharibu masikio, kwa hiyo mahali palipotakiwa kunong'ona yeye alizungumza kwa sauti ya mnadani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu na hakuchoka kunikumbusha. Siku ya pili alinikuta nimejivika glavu nyeupe kama nilivyoona kwenye televisheni.

"Bi Saumu, toa hizo soksi za mikono!"

"Si ndiyo taratibu, Mzee?"

"Taratibu ya sinema. Ukizivaa huisikii karatasi, utaipasua. Nenda kanawe, kausha mikono, njoo."

Akanifundisha kung'oa pini yenye kutu bila kung'oa na karatasi: unaingiza kipande cha plastiki chini, unalegeza polepole, na ukiona unakasirika unaacha, unakwenda kunywa chai. Akanifundisha kupika gundi ya unga wa ngano mpaka iwe laini kama uji wa mgonjwa. Akanifundisha kwamba brashi husukuma vumbi kutoka katikati kwenda nje, si kinyume chake, na kwamba aliyepuliza vumbi kwa mdomo hatufai. Na kubwa kuliko yote, alinizuia kusoma kitabu cha mtu kabla ya kusoma daftari lake. "Kitabu ni uso ulionawa," alisema. "Wewe mtazame akiamka." Nilimwitikia ndiyo, na sikumsikiliza.

Mwezi wa pili nilifika kwenye kadi za majina. Zamani zile, kabla ya kompyuta, kila jina lililotajwa kwenye karatasi za mtu liliandikiwa kadi yake, na kadi zikapangwa kwa alfabeti kwenye vidroo virefu vya mbao. Nikawa napekua herufi M. Nikakuta: "Msiba. Mwanamke wa Kiafrika. Kimada wa Yohana, mkalimani. Tazama pia: Msibani, kijiji."

Mtume! Nilisoma mara mbili. Kisha nikacheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na Mzee Ratilal akaja mbio na brashi mkononi akidhani nimeanguka.

Ninyi mmeshaelewa, lakini acha niieleze ilivyokuwa, maana watu wenye digrii hawakuielewa kwa miaka yote hiyo. Asubuhi moja Yohana, mkalimani wa Ledi, alimwambia, "Nina msiba." Bibie alijifunza Kiswahili melini kwenye kijitabu. Alijua kwamba "nina" ni kuwa na kitu. Neno msiba halikuwemo kijitabuni. Basi akaamua ni mtu, na kwa kuwa aliyesema alikuwa mwanamume na alikuwa ameinamisha uso, akaamua ni mwanamke. Yohana akaomba ruhusa: "Naomba niende msibani." Bibie akafungua ramani, hakuiona Msibani, akaiongeza kwa kalamu mashariki kidogo ya mto. Imo mpaka leo, imechapwa, na wanafunzi wameinakili kwenye ramani zao.

Na hakuishia hapo. Kwenye kile kitabu cha unyenyekevu kuna sura nzima juu ya Msiba, mwanamke mrembo wa milimani anayewavuta wanaume waache kazi za Bwana. Vizazi vya Waingereza vimeonywa kanisani vijihadhari na Msiba. Naam, ushauri wenyewe si mbaya.

Nikaenda kwa meneja, nikamweleza. Akapiga chafya. Akasema jambo hilo linavutia, niandike kijikaratasi nikitie ndani ya jalada. Nikakiandika, nikakitia. Kilikaa humo mpaka kikageuka rangi ya chai.

Mzee Ratilal ndiye aliyenirudisha kwenye daftari. "Umesoma kitabu, umecheka. Sasa kamsome akiamka." Nikalifungua daftari la safari, lile la jalada la ngozi lililoliwa na mchwa kwenye kona. Humo Bibie anasema alimnyima Yohana ruhusa, na Yohana akaondoka bila ruhusa. Akaamuru abebwe kwenye machela amfuate, amfumanie. Alipofika akaandika yote aliyoyaona, mstari kwa mstari, maana jicho alikuwa nalo, akili ndiyo ilikuwa likizo. Wanaume wamekaa nje kwenye mikeka, hawasemi. Wanawake wamejaa ndani. Nyumba hiyo haipiki, majirani ndio wanaoleta vyakula, "kwa hiyo ni dhahiri Msiba huyu ni mtu wa heshima kubwa miongoni mwao." Yohana amenyoa kichwa, "bila shaka kumfurahisha huyo mwanamke." Akasimama katikati ya watu, akahubiri juu ya uzinzi saa nzima kwa saa yake, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Yarabi, nani atajua walisikia nini! Alipomaliza wakamjia mmoja mmoja, wengine wanalia, wakamshika mkono, wakamshukuru kwa kuja. Bibie akaandika kwamba kijiji kizima kimetubu.

Nilicheka tena. Nalisema kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliona ujinga wa Mzungu tu, nikaufurahia. Nikautia mfukoni nikawa natembea nao. Kila penye shughuli, Hayes, Kilburn, popote, watu walikuwa wakiniambia, "Bi Saumu, hebu tupe ya yule Ledi wako," nami nainuka, najifanya nimekalia machela, natikisa kengele ya uongo, nasema kwa sauti ya puani, "Yohana, Msiba ndiyo nani?" Watu hoi. Nilisifiwa. Nikaizoea sifa.

Miaka ikapita hivyo. Mzee Ratilal akastaafu, akafariki, nikaachiwa brashi zake. Kadi zikaingizwa kwenye kompyuta, na aliyeziingiza akamwingiza na Msiba pamoja na kijiji chake, maana kompyuta haiulizi. Meneja wa mafua akaondoka, akaja mkurugenzi huyu mnayemjua, Julian, kijana wa watu, mpole, suruali fupi juu ya kifundo, na kila kitu kwake ni "simulizi."

Mwaka jana nilialikwa harusini Walthamstow, ukumbi ulio nyuma ya ule mtaa wa soko. Baada ya pilau wakaniomba, nikainuka, nikacheza mchezo wangu wote mpaka mahubiri. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Niliporudi kukaa, mama mmoja mzee upande wa pili wa meza alikuwa hacheki. Mama Tabitha, nesi mstaafu, watu wa Walthamstow wote wanamjua, amezalisha nusu ya watoto wao.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia, nikidhani hakusikia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Huyo mkalimani umesema anaitwa Yohana?"

"Ndiyo, Mama."

"Umesema milimani, juu ya mto. Hakuandika alivyo?"

"Ameandika. Nyusi ya kushoto imepasuka. Bibie alidhani ni alama ya kabila." Nikawa bado nacheka.

"Alipigwa teke na punda," akasema Mama Tabitha. "Huyo ni babu yangu, mzaa baba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinieleza taratibu, huku muziki unapigwa, yale ambayo sikuwahi kujisumbua kuyauliza. Yohana alikuwa mwalimu wa dini, miongoni mwa wa kwanza kule kwao. Ledi aliporudi kambini aliandika barua misheni kwamba mwalimu wao anafuga kimada. Yohana alijieleza. Lakini upande mmoja palikuwa na binti wa lodi, upande wa pili mkalimani. Wakaandika kwenye daftari la kanisa: ametengwa kwa uzinzi. Akanyimwa darasa, akanyimwa meza ya Bwana, na alipokufa akazikwa nje ya ua wa kanisa. Ukoo mzima ukaambiwa babu yenu mnajua alivyokuwa.

"Sasa wanajenga kanisa jipya," Mama Tabitha akasema. "Watachonga ukutani majina ya walimu wa kwanza. La babu halimo. Nimempigia mchungaji, kijana mzuri, akasema, 'Bibi, daftari la kanisa linasema hivi. Niletee maandishi yanayosema vingine.' Mimi ningemletea nini? Nilikuwa na neno la baba yangu tu. Na moyo wangu huu, daktari ameniambia safari ijayo ya ndege ndiyo ya mwisho. Naondoka baada ya wiki tatu. Wewe, mwanangu, umekaa na maandishi hayo miaka yote, unachekeshea watu?"

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe ukinipa maandishi."

Jumatatu asubuhi nikawa mlangoni kwa mkurugenzi kabla hajavua koti. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza, akaweka mkono kifuani, akasema inagusa sana. Nikamwambia nataka picha ya kurasa sita za daftari. Hapo uso wake ukawa wa ofisi.

"Shida ni kwamba daftari halijachapwa, Saumu. Haki zote ziko kwa familia. Hatutoi picha bila ruhusa ya Lodi."

Lodi wa sasa ni mjukuu wa yule kaka mtu. Akaandikiwa. Akajibu haraka, jambo ambalo mabwana hawa hawalifanyi mpaka uguse kilicho chao. Kumbe kitabu cha unyenyekevu kilikuwa karibu kutolewa upya kwa jalada jipya, na maonyesho yake yafanyike kwetu. Hakutaka mjadala wakati huu. Julian akanionyesha jalada, akidhani litanituliza. Wamechora mwanamke mweusi, shanga hadi kiunoni, macho ya kulegea, nyuma yake jua jekundu. Chini pameandikwa kwamba ni Msiba.

"Julian," nikamwambia, "mmechukua matanga ya watu mkayavika shanga."

"Wasomaji wanampenda sana. Ni mhusika mwenye nguvu."

"Si mhusika. Ni kilio. Ni kama mtu wa kwetu aende kwenye mazishi ya mama yako, asikie mnasema mna huzuni, arudi nyumbani aandike kwamba Huzuni ni changudoa wa Kiingereza."

Akawa mwekundu. Baada ya siku mbili akaniletea kile walichokubaliana na Lodi: tanbihi chini ya ukurasa, herufi ndogo za kutafuta kwa lenzi, kwamba baadhi ya wataalamu huona neno hilo huenda likawa na maana nyingine. Baadhi ya wataalamu! Ndiyo mimi huyo, na shangazi yangu wa Tanga, na watu wote wanaokiongea Kiswahili kutoka pwani mpaka Kongo. Huenda! Nikamuuliza kama na yeye huenda ni mkurugenzi. Kusema haki, hakunifukuza.

Hapa, vijana, ndipo nataka mnisikilize kikazi. Someni kanuni za chumba cha kusomea, zote, mpaka zile zilizoandikwa nyuma ya mlango. Kila mwenye kazi hii huzitumia kuzuia watu. Nilirudi mezani kwangu nimekata tamaa, nikazisoma upya kama mgeni. Picha: hapana, bila ruhusa ya familia. Lakini msomaji aliyejiandikisha anaruhusiwa kunakili kwa mkono wake, kwa penseli, chochote anachopewa kusoma. Kwa mkono wake mwenyewe, si wa mfanyakazi. Na kila nakala ya mkono, msomaji akiomba, mtumishi wa zamu hupiga muhuri kwamba imelinganishwa na asili. Muhuri huo ulikuwa kwenye droo yangu, umekauka, hakuna aliyeuomba tangu mashine ya fotokopi ije. Nikaupaka wino mpya.

Nitawaambia matokeo sasa hivi, msije mkadhani nawaning'iniza. Maandishi yalifika. Mchungaji aliyasoma mbele ya wazee wa kanisa, na wazee, watu wa milimani waliozika na kuzikiwa, hawakuhitaji tanbihi. Jina la Yohana limechongwa ukutani. Huku kwetu kitabu kimetoka na shanga zake na ile herufi ndogo chini, na kinauzwa pale chini karibu na mlango, mnaweza kumtazama huyo mrembo mkitoka. Lakini katalogi ilikuwa mikononi mwangu mpaka Ijumaa. Nimemfuta Msiba. Nimeifuta na Msibani. Rekodi moja nimeiongeza, na hiyo nitawaeleza ilivyopatikana, kisha nimemaliza.

Mama Tabitha alikuja kwa treni kutoka Walthamstow, amevaa kitenge na koti zito, kwenye mkoba ana daftari la shule na penseli mbili zilizochongwa. Nikampeleka chumba kidogo cha pembeni ambako mtu anaruhusiwa kusema. Nikaliweka daftari la Bibie juu ya mto wa kulazia vitabu, nikaukandamiza ukurasa kwa ule mnyororo mzito wa madini ya risasi ulioshonewa kitambaa, usifunuke. Mwandiko wa machela ulikuwa unamshinda macho. Kwa hiyo mimi nikawa nasoma mstari wa Kiingereza, nautamka, kisha nausema kwa Kiswahili, na yeye anaandika vyote viwili. Vidole vyake vina baridi yabisi. Kila mistari minne alikuwa anaviweka kwapani kuvipasha moto. Niliumia kumtazama, na kanuni haikuniruhusu kumsaidia hata nukta.

Tulianza maktaba ilipofunguliwa. Mchana ukapita. Tukaandika "nina Msiba." Tukaandika mikeka, majirani na vyakula, kichwa kilichonyolewa. Tulipofika kwenye kumshukuru Bibie kwa kuja, aliinua uso.

"Walidhani amekuja kuwapa pole."

"Ndiyo, Mama."

"Na hawakumtoa."

"Hawakumtoa."

"Watu wa kwetu wana adabu mpaka wanakera," akasema, akarudi kuandika.

Ukabaki mstari mmoja, ule ambao Bibie mwenyewe aliupigia mistari miwili chini, na ndio uliozaa sura ya mwisho ya kile kitabu, ile inayosomwa mazishini hapa Uingereza. Nimeusoma mara nyingi sana. Mimi ndiye niliyeuingiza kwenye katalogi, kwa mkono wangu huu, kwenye kifungu cha mafundisho ya dini. Nikamsomea: hata ndani ya nyumba ile ya dhambi roho zilikuwa na njaa ya Mungu, maana wanawake waliokuwa ndani walilia wakiita neno moja tu, tena na tena, na neno hilo nalijua kwenye kitabu changu cha sala: neema, neema.

Mama Tabitha akaandika neema ya kwanza. Ya pili hakuiandika.

"Rudia."

Nikarudia.

"Waliokuwa wakilia ni nani?"

"Wanawake. Waliokuwa ndani."

"Wewe ni mwanamke wa Tanga," akaniambia. "Umekaa matangani mara ngapi? Mama aliyefiwa, akilia, huita nini?"

Nilimwona mama yangu, siku aliyofariki kaka yangu, amekaa chini miguu ameinyoosha, kanga imemdondoka, anamwita kwa jina. Mimi niliyemcheka Ledi Honoria kwa miaka yote ile nilikuwa nimepita juu ya neno lile na viatu vyangu, kama yeye.

"Baba yangu alizaliwa baadaye," Mama Tabitha akasema. "Aliambiwa tu kwamba kabla yake palikuwa na dada, alifariki mdogo. Babu hakulitaja jina lake tena mpaka anakufa. Bibi naye aliondoka nalo. Tumemwombea miaka yote tukisema 'yule mtoto.'"

Nililia, na sikujificha. Yeye hakulia. Akavitoa vidole kwapani, akaitazama neema aliyokwisha kuiandika. Raba hairuhusiwi kwenye chumba kile, na hakuiomba. Akaikandamiza ile n ndogo kwa penseli, akaipita tena na tena, mpaka ikawa N kubwa, kisha akaliandika jina mara ya pili.